Nani Alikwambia Breki ya Mbele Inarusha Mtu? Somo Ambalo Wasee wa Nduthi Hawapewi

Fanya hivi leo jioni. Pitia steji yoyote ya boda, iwe Kayole, Kangemi, Githurai ama kule ocha kwenu, na uulize swali moja tu: breki ya mbele ni ya kazi gani? Utapata majibu ya aina tatu. Msee wa kwanza atakwambia ni ya dharura. Wa pili atakwambia usiiguse, inarusha mtu. Wa tatu atacheka tu, halafu akuonyeshe kebo yake venye imelegea, juu alishaachana nayo kitambo na nduthi bado inaleta chapaa.

Sasa inama kidogo uangalie nduthi zenyewe. Pedali ya breki ya nyuma imesuguliwa na kiatu hadi inang'aa kama kijiko. Mkono wa breki ya mbele uko na vumbi la wiki mbili.

Hii nchi tumebishana kuhusu boda kwa zaidi ya miaka 15. Tumebishana kuhusu helmeti, majaketi, leseni, sacco, na nani anaruhusiwa kuingia tao. Lakini ni mara ngapi umesikia mheshimiwa yeyote akiuliza vile nduthi inafaa kusimama? Wasee wanakufa mita chache kabla ya mahali wangesimama wakiwa wazima, na hizo mita ziko kwa mkono wao wa kulia. Hii si stori ya jaba. Tutapiga hesabu na utajionea.

Serikali inahesabu vichwa, hakuna anayefunza mikono

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 2008 serikali iliondolea pikipiki za chini ya 250cc mzigo wa VAT. Bei ikashuka, na vijana wengi waliokuwa wanasota wakapata kitu ya kuamkia. Kila kijiji kikapata steji. Mathe akapata njia ya kufika hosi usiku, mama mboga akapata wa kumbebea gunia kutoka soko. Hakuna mtu wa maana anaweza kukataa kwamba boda zimelisha watu.

Baadaye ndio sheria ikaanza kukimbizana na hali. Mwaka wa 2012 Sheria ya Trafiki ilirekebishwa, na ikasema wazi: helmeti na jaketi ya riflekta kwa mwendeshaji na pasenja wake, na pasenja ni mmoja tu. Mwaka huo huo sheria ya kuunda NTSA ikapitishwa. Machi 2022, video ya mwanamke akidhulumiwa na wasee wa boda Forest Road ikasambaa kila mahali, na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaamuru msako nchi nzima. Makarao wakajaza malori na nduthi. Siku chache baadaye msako ukasimamishwa. Mwaka wa 2023 Seneta Boni Khalwale akaleta mswada wake wa kusimamia boda, wenye bodi za kaunti, usajili na mafunzo. Huo nao ulizua ngori ya kutosha mtandaoni, na wengi walikuwa wanauliza ada ni ngapi na faini ni ngapi.

Unaona mtindo? Kila mara tunazungumza kuhusu karatasi, ada na kukamatwa. Wakati huo huo, NTSA inahesabu zaidi ya watu 4,000 wanaokufa barabarani kila mwaka tangu 2021. Wanaotembea kwa miguu ndio wengi, na watu wa pikipiki wako pale juu nao.

Kwa karatasi, mambo yako sawa. Kuna aina ya leseni ya boda kabisa, inaitwa A3. Mtaani, risto ni ingine. Msee anaitwa na beste yake uwanjani jioni. Anaonyeshwa klachi, anaonyeshwa gia, anaonyeshwa venye mafuta huongezwa. Anazunguka uwanja mara kumi bila kuanguka, wanapigana tano. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi yuko na pasenja, juu nduthi ni ya mkopo na mkopo hauna subira. Amefunzwa kuondoka. Kusimama atajifunzia kazini, na pasenja wake wa kwanza ndio darasa.

Kwa nini breki ya mbele ndio mama yao

Weka hii kwa akili. Uko ndani ya mat, umesimama pale kati umeshikilia chuma, halafu dere anakanyaga breki ghafla. Nyinyi wote mnaenda wapi? Mbele. Hata yule makanga ananing'inia mlangoni anaenda mbele.

Nduthi ni vivyo hivyo. Ukishika breki, uzito wako, wa pasenja na wa nduthi yenyewe unahamia tairi ya mbele. Shoki za mbele zinabonyea. Tairi ya mbele inakandamizwa kwa lami na inashika vizuri kuliko mwanzo. Ya nyuma nayo inakuwa nyepesi, na tairi nyepesi haina nguvu ya kushika chochote. Ndio maana ukikanyaga ile ya nyuma kwa hasira inajifunga, inalia, mkia unaanza kucheza, na unaacha alama nyeusi barabarani kama sahihi yako ya mwisho.

Kwa hivyo breki ya mbele ndio hufanya kazi kubwa. Ya nyuma ni msaidizi. Sisi tumempa msaidizi kazi yote na tukamwambia mkubwa akae nyumbani.

Sasa hesabu, ile ya fizikia ya high school. Chukua nduthi iko 60 kwa saa, lami kavu, tairi ziko na meno, breki zimekazwa vizuri. Sitahesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula karibu mita 17 kabla hata hujagusa breki. Tuanze pale breki imeshika.

Msee anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji kama mita 40 kusimama. Msee anayetumia zote mbili vizuri anahitaji kama mita 20. Tofauti ni mita 20. Hiyo ni nganya mbili zimepangwa moja nyuma ya ingine, na nafasi inabaki.

Kuna kitu ingine noma zaidi. Chukua hao wasee wawili, waanze kushika breki mahali pamoja, wote wakiwa 60. Pale mwenye breki mbili amesimama kabisa, ameweka mguu chini, anashukuru Mungu wake, yule wa breki moja anampita bado akienda karibu 42 kwa saa. Kama hapo mbele kuna lori limeharibika, ama mtoi anavuka kwenda shule, hiyo 42 ndio inaamua nani anarudi keja.

Speed nayo usiicheze. Ukitoka 30 hadi 60, umeongeza mwendo mara mbili, lakini umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Kwa breki ya nyuma peke yake, 30 inataka kama mita 10, na 60 inataka zile 40. Ndio maana sheria inasema 50 mjini. Waliochora hiyo sheria hawakuwa wanakuonea wivu.

Lakini ile stori ya kurushwa ilitoka wapi?

Tuwe wakweli, wasee hawakuitoa hewani. Kuna watu wamerushwa. Lakini ukiuliza kwa undani, utapata karibu kila mara kulikuwa na moja ya haya mambo matatu.

Ya kwanza, aliishika kwa ghafla. Kitu ilimruka mbele, akafunga ngumi na nguvu zake zote. Uzito haukuwa umefika mbele bado, tairi ikajifunga ikiwa haijakandamizwa, na hapo kuanguka ni lazima.

Ya pili, usukani ulikuwa umepinda. Breki ya mbele inataka nduthi iwe imesimama wima na tairi iangalie mbele. Ukiishika kwa nguvu ukiwa katikati ya kona, tairi inateleza upande na unajikuta chini kabla hujajua ni nini.

Ya tatu, alikuwa juu ya kitu inateleza: mchanga kando ya raundabauti, matope, oili imemwagika steji, kifuniko cha chuma cha mtaro, ama ile mvua ya kwanza kabisa baada ya kiangazi, inapochanganyika na vumbi na mafuta ya miezi mitatu.

Ukiangalia hayo yote matatu, utaona shida ilikuwa mkono haujafunzwa. Ni kama kisu cha jikoni. Mtu akijikata unamfunza kushika kisu. Humwambii akate nyanya na kijiko maisha yake yote.

Hivi ndio mkono unafunzwa

Anza na nduthi ikiwa wima na macho yako mbali, mahali unataka kusimama. Achana na mafuta. Kisha gusa breki ya mbele polepole, kama unamsalimia shosh mkono. Hauanzi kwa kumfinya. Unamshika kwanza, unahisi, halafu ndio unakaza. Huo mguso wa kwanza ndio unapeleka uzito mbele na kukandamiza tairi. Ukisikia mbele imeinama kidogo, hapo sasa ongeza nguvu, ongeza, ongeza. Wakati huo huo mguu wa kulia unakanyaga ya nyuma kiasi, bila fujo.

Kama nduthi yako iko na diski mbele, vidole viwili vinatosha. Kama ni dramu ya kebo, zile za kazi zilizojaa kwa steji, inaweza kutaka vidole vyote vinne, na inataka kebo ikazwe mara kwa mara. Usikate klachi mapema. Iache injini nayo ikusaidie kupunguza mwendo, kisha ushike klachi mwishoni kabisa ndio injini isizime.

Ukisikia tairi ya mbele imeanza kuteleza, achilia hapo hapo na ushike tena kwa upole. Ya nyuma ikijifunga, usipinde usukani, legeza mguu polepole nduthi ijinyooshe.

Na ukiwa na pasenja? Ya nyuma inapata uzito zaidi, kwa hivyo inasaidia zaidi kuliko ukiwa peke yako. Lakini mzigo wote pia umeongezeka, na pasenja anakulalia mgongoni ukishika breki. Kwa hivyo anza mapema, na mbele bado ndio inaongoza. Mtu amebeba mitungi miwili ya gesi na kreti ya mayai hawezi kusimama kama mtu yuko solo. Hata shetani hawezi.

Kona za polepole: hapa sheria inageuka

Sasa usitoke hapa ukienda kushika breki ya mbele kila mahali. Kuna sehemu inafaa ipumzike, na hiyo sehemu ndio boda hupitia siku nzima: kugeuza kwa steji, kupita katikati ya mat mbili zimeegeshwa vibaya Eastleigh, kuingia kichochoro cha Gikomba kikiwa na mikokoteni, kupiga U kwa barabara nyembamba juu kasitoma ameita kutoka upande ule mwingine.

Ukiwa mwendo wa mtu kutembea na usukani umepinda, ukigusa breki ya mbele inaangusha nduthi chini upande ule umepinda. Haitakurusha mbali, ni kweli. Utaanguka tu kama gunia. Lakini pasenja anaweza kuangukia ile ekzosi ya moto, na kila mtu anajua dada mmoja mtaani ako na ile alama ya kuchomeka mguuni.

Mbinu ya kona za polepole iko na vitu vinne. Mafuta kidogo yasiyobadilika, injini isikike inanguruma sawa. Klachi nusu, pale inapoanza kushika, unailegeza na kuirudisha kidogo kidogo. Mguu wa kulia juu ya breki ya nyuma, ukiikanyaga kiasi kidogo bila kuiachilia. Na macho yaangalie mahali unataka kuenda. Usiangalie tairi, usiangalie shimo. Nduthi hufuata macho.

Mbona ukanyage breki na bado unapea mafuta? Inakaa kama wazimu, lakini ndio siri. Injini inavuta mbele, breki ya nyuma inazuia kidogo, na katikati ya hao wawili nduthi inatulia kama mbuzi amefungwa kamba fupi. Haichezi huku na huku. Ukitaka kupunguza mwendo, ongeza mguu. Ukitaka kusonga, punguza. Mkono wa mafuta unabaki palepale.

Linganisha na vile wengi hufanya. Miguu yote miwili imetolewa nje, inaning'inia kama ya kuku anapelekwa soko. Mguu wa kulia ukiwa chini, ni nani yuko kwa breki ya nyuma? Hakuna. Kwa hivyo kitu ikitokea, kinachobaki ni mkono wa breki ya mbele, usukani ukiwa umepinda. Unaona venye mtu anajitengenezea ajali mwenyewe?

Hii inafunzika na haihitaji doo. Jumapili asubuhi, uwanja wa shule ama wa mpira, chupa tupu sita za soda ukiziweka kama vigingi. Pita katikati yake ukienda mwendo wa kutembea bila kuweka mguu chini. Zunguka duara kubwa, kisha punguza duara. Saa mbili hivi na utahisi nduthi yako ni kitu ingine.

Kusimama kama mtu ameheshimu pasenja wake

Kuna kitu kila pasenja anajua. Boda inasimama, helmeti yako inagonga ya mwendeshaji, "koh," unaanza kuomba msamaha kama wewe ndio ulikosea. Wengine wanajikuta wamemkumbatia mtu hawajui jina lake.

Ile kugongana hutokea sekunde ya mwisho. Nduthi ikisimama na breki bado imekazwa vile vile, shoki za mbele zilizokuwa zimebonyea zinaruka juu, na nyinyi wawili mnaenda mbele na kurudi nyuma. Dawa yake ni rahisi: mita ya mwisho, legeza breki ya mbele kidogo kidogo na uache ya nyuma imalize kazi. Nduthi inakaa chini kama paka. Weka mguu wa kushoto chini, wa kulia ubaki kwa pedali hadi pasenja ashuke. Kwa mlima hii ndio inazuia nduthi kurudi nyuma.

Na kwa biashara, hii ni pesa. Mathe akiwa na mtoto mgongoni atakumbuka ni nani alisimama polepole. Siku hizi za programu za simu na nyota tano, kusimama vizuri ni matangazo ya bure.

Halafu kuna ile tabia ya kuweka free kwa mteremko. Ilizidi hasa petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita Nairobi, Septemba 2023, na mtu anaelewa ni kwa nini. Lakini ukishuka pale Gachie ama Banana kwenda Ruaka ukiwa free, umeitoa injini kwa kazi ya kuzuia mwendo na umeachia breki peke yake. Dramu inashika moto, inaanza kulegea, na kadri unavyokanyaga ndivyo inavyokataa. Senti chache za mafuta zimekununulia mteremko bila breki. Shuka na gia, ya pili ama ya tatu, uisikie injini ikikuzuia.

Hizi nduthi za umeme zinazoingia kwa wingi nazo zina lao. Nyingi hazina klachi, kwa hivyo kwa kona za polepole breki ya nyuma na mkono mpole wa mafuta ndio wanabeba kila kitu. Pia haziliki kelele, mtu wa miguu hakusikii ukija. Ukihamia umeme, rudi uwanjani kwanza.

Nani afanye nini

Kuna wale watasema shida ni pombe, ni mat kusukuma watu nje ya barabara, ni mashimo, ni makarao kuchukua kitu kidogo na kuachilia nduthi mbovu. Yote ni kweli. Lakini mlevi, dere mkali na shimo vyote vinakutana na wewe mahali pamoja, kwa ile sekunde ya kushika breki. Huwezi kurekebisha dere wa mat leo. Mkono wako unaweza.

Kwanza, mtihani. Leseni ya A3 isitolewe hadi mtu aonyeshe mambo mawili kwa uwanja: asimame na breki zote mbili ndani ya umbali uliopimwa, na apite katikati ya vigingi polepole bila kuweka mguu chini. Inatazamwa na macho, haihongeki kirahisi kama karatasi, na inachukua dakika kumi.

Pili, wakopeshaji. Hizi kampuni zinazotoa nduthi kwa mkopo zina uwezo wa kuweka kifaa cha kufuatilia kila nduthi, na zinajua uko wapi saa nane usiku ukichelewa kulipa. Basi ziweke pia saa mbili za mafunzo ya breki kabla ya kupeana ufunguo. Hata kibiashara ina maana: msee aliyevunjika mguu halipi mkopo.

Tatu, waagizaji na serikali. India, mahali nduthi zetu nyingi zina asili yake, iliweka sheria ya pikipiki mpya zinazouzwa huko kwao: za hadi 125cc ziwe angalau na breki zinazoshikana mbele na nyuma kwa pamoja, na za zaidi ya 125cc ziwe na ABS, ile inazuia tairi kujifunga. Kufikia Aprili 2019 ilikuwa inahusu kila pikipiki mpya. Hapa ukienda kununua nduthi ya kazi, nyingi utaonyeshwa hazina hata moja ya hizo. Hiyo ndio ingefaa kuwa kelele ya Bunge, badala ya kila mwaka kurudi kwa rangi ya jaketi.

Nne, steji zenyewe. Kuna chama, kuna mwenyekiti, kuna michango ya matanga. Steji inayoweza kuchanga ya jeneza inaweza kuchanga ya breki shuu. Jozi ya breki shuu haifiki thao. Kila Jumapili moja ya mwezi, wazee wa steji waite wasee wapya, chupa sita, uwanja, na kila mtu aonyeshe kebo yake ya mbele imekazwa. Mwenye imelegea asipewe zamu Jumatatu.

Na wewe pasenja, una mdomo. Kabla ya kupanda, angalia mkono wa kulia wa nduthi. Mwambie, "Boss, shika hiyo breki ya mbele nione." Mkono ukifika hadi kwa usukani bila kushika kitu, ngoja nduthi ingine. Atakuona unaringa. Wacha akuone.

Boda hazitaenda popote, na hakuna msako utazimaliza, juu zinalisha nyumba nyingi sana. Swali limebaki ni kama tutaendelea kupeana nduthi kwa vijana waliofunzwa nusu, halafu tushangae wodi zikijaa. Kama uko na nduthi, kesho kabla ya pasenja wa kwanza, tafuta mahali patupu, enda mwendo wa 20 tu, na uishike hiyo breki ya mbele vile unamsalimia shosh. Rudia mara kumi, halafu 30, mara kumi tena. Ukizoea, funza jirani yako wa steji.